Gari Lililogeuza Kuelekea Baharini

Mjane alikuwa amekataa kuuchukua mwili wa mumewe, na watu wa mochwari walikuwa wamechoka kumpigia simu.

Bi Pole, mpelelezi wa polisi, alimkuta ameketi kwenye mkeka katika chumba cha mbele cha nyumba ya mlinzi, nyumba ya mwisho kabla mchanga haujaanza. Dirishani yalipangwa makopo ya maziwa yenye miche ya mmea unaotambaa, ule ambao marehemu alikuwa akiupanda juu ya matuta ili uushike mchanga usihame. Miche ilikuwa imeanza kunyauka. Upepo ulisukuma mchanga chini ya mlango, punje kwa punje, na mjane alikuwa ameacha kuufagia.

"Pole, mama," alisema.

Kituoni jina lilimganda kwa sababu ya neno hilo. Hakuna mahojiano aliyoyaanza bila pole, hata ya wezi wa kuku, na Sajini wake aliapa kuwa aliwahi kumsikia akimpa pole mbwa aliyemuuma.

"Pole nimepewa na kila mtu, afande," mjane alijibu. "Wananipa pole mlangoni, wakifika barabarani wanamwita mwizi. Mume wangu hakugusa bikoni ya mpaka hata moja. Siku mtakayosema hivyo kwa midomo yenu, nitamzika. Sitamzika akiwa mwizi."

Mji mzima ulikuwa na maelezo yake. Mlinzi wa hifadhi ya matuta, ambaye watu walimwita Bwana Mchanga kwa kejeli, alikutwa asubuhi amekufa chini ya tuta kubwa, ndani ya shimo lililobomoka, koleo likiwa kando yake. Mbele ya shimo lilikuwapo jiwe la zege lililong'olewa, bikoni ya mpaka wa hifadhi. Bikoni nyingine za upande ule zilikuwa tayari zimesogezwa kuelekea baharini. Mpimaji wa ardhi aliitwa, akafukua mahali zilipokuwa zamani, akakuta mkaa ambao wapimaji huufukia chini ya kila bikoni ili mahali pake pajulikane hata jiwe likiondolewa. Hakukuwa na shaka: kuna mtu aliyepunguza hifadhi. Ukanda uliopatikana ulitosha kabisa kupitisha barabara mpya ya pwani, ile iliyokwama kwa sababu ya mpaka huohuo.

Na Bwana Mchanga ndiye aliyeipinga barabara katika kila mkutano. Watu wakasema kumbe alikuwa anapandisha bei. Amenunuliwa, akaanza kuzing'oa mwenyewe, na tuta likamlipa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema, wakaendelea na foleni yao ya magari.

Bi Pole aliomba kuona nguo ambazo mochwari walimrudishia mjane. Zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki ambao haujafunguliwa. Mjane aliufungua mwenyewe, akatoa shati, suruali, mkanda, kisha fulana ya ndani. Aliishika hiyo fulana kwa muda mrefu. Ilikuwa imekatwa katikati, kutoka shingoni hadi chini, mkato mmoja ulionyooka.

"Niliifua mimi, nikaianika mimi, alitoka nayo nzima," alisema. "Hawa wa mochwari walishindwa nini kuivua kama watu?"

Mwanaume mmoja aliingia kutoka jikoni na sinia la chai. Alikuwa kaka wa mjane, dereva wa gari la wagonjwa la hospitali, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Mtaani walimwita Kasi, kwa utani, maana katika barabara ile hakuna aliyewahi kumwona akienda kasi. Tangu msiba alikuwa akija kila alipotoka zamu, kupika, kuosha vyombo, kukaa tu. Alikipeleka kikombe kwa Bi Pole akikibana kwa viganja viwili, ncha za vidole zikiwa nje, kama mtu anayebeba kaa la moto.

"Msaidie dada yangu, afande," alisema. "Amchukue mtu wake. Hali, halali."

"Kila jioni anakung'uta viatu pale mlangoni," mjane alisema, bila kumtazama yeyote. "Namsikia kabisa. Nikifungua, mchanga upo, yeye hayupo."

Kasi aliweka sinia chini. Nje, upepo ulipiga mlango mara moja, na Sajini, aliyesimama kizingitini, alijikuta ametazama viatu vyake.

Mochwari ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye vigae vyeupe na feni iliyolalamika. Mhudumu aliapa kwamba hakukata nguo yoyote. Alidhani ni polisi. Sajini alikiri kwamba yeye naye alipoisoma taarifa alidhani ni mochwari. Hivyo fulana ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu wote wa serikali bila kuulizwa swali.

"Na shati?" Bi Pole aliuliza.

Mhudumu alikumbuka vizuri. Shati lilikuwa juu ya ile fulana, zima, limefungwa vifungo vyote hadi cha shingoni.

Daktari aliitwa. Bi Pole alimwomba asome tena taarifa yake polepole, kana kwamba hajawahi kuiandika. Mchanga ulikuwa umeingia ndani kabisa ya koo. Lakini mdomo ulikuwa safi, na pua zilikuwa safi. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika karibu na katikati ya kifua. Daktari alikuwa ameandika kwamba ni uzito wa tuta.

"Inaweza kuwa mikono?"

Daktari aliirudia taarifa yake. Ndiyo, alisema mwishowe. Mtu anayejaribu kumrudishia mwenzake pumzi akisukuma kwa nguvu zote, huvunja mbavu pale pale.

Huko nje Sajini alisema, "Kwa hiyo muuaji alimuua, akajuta, akamtibu, akamvalisha. Mkuu, hata mke wangu hanijali hivyo."

"Sijasema kuna muuaji," alijibu Bi Pole. "Nimesema kuna mtu alimtoa mchangani akiwa hai, au karibu na hai. Halafu akamrudisha."

Jina la kwanza katika jalada lilikuwa la mwenye hoteli. Barabara mpya ingepita mlangoni kwake, na watu wawili walikuwa wamemsikia akimwambia Bwana Mchanga kwamba mchanga haupigi kura. Aliwapokea katika ofisi yenye zulia, mbele ya kielelezo cha mbao cha mji wa kesho: barabara nyeusi imenyooka kando ya bahari, vigari vidogo vyenye nafasi ya kutosha, na mahali pa matuta pamepakwa rangi ya kijani tu.

Hakuficha chuki yake. Alisema aliitaka ile barabara na bado anaitaka, lakini mtu wa aina yake huhamisha mpaka kwa sahihi, hahamishi kwa koleo. Jioni ya kuamkia siku mwili ulipokutwa, alikuwa kwenye foleni kama kila mtu, amekwama kwenye kona ya fundi wa matairi, amezima injini.

"Nani atathibitisha?"

"Mji mzima, mama. Ilikuwa foleni ya kufa mtu. Hata gari la wagonjwa lilipiga king'ora weee, likakata tamaa, likageuza."

Bi Pole alikuwa ameshaanza kuinuka. Akakaa tena.

"Liligeuza kuelekea wapi?"

Mwenye hoteli alifikiri. Kuelekea baharini, alisema, kisha akatazama saa yake ya mkononi, kwa maana hilo kwake halikuwa jambo.

Kona ya fundi wa matairi ilikuwa mahali ambapo barabara pekee ya mji ilibanwa kati ya kuta za nyumba na mtaro. Malori ya saruji yaliyokwenda kujenga pwani yalikutana hapo na malori yaliyotoka kujenga pwani. Fundi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, lakini alipoulizwa kuhusu jioni ile aliweka spana chini.

Alisimulia kwamba king'ora kililia hadi watu wakaziba masikio. Magari yalitaka kupisha ila hayakuwa na pa kupishia. Basi dereva akashuka, akazunguka nyuma, akafungua mlango, akaingia. King'ora kikazimwa. Kimya kile, alisema, kilikuwa kibaya kuliko kelele. Baadaye dereva akatoka, akarudisha gari kinyumenyume hadi uani kwake, akaangusha rundo zima la matairi, akageuza. Hakuomba hata samahani.

"Dereva mmoja? Hakukuwa na muuguzi?"

"Mmoja. Nilimpigia kelele, Kasi, hospitali iko kule! Hakugeuka." Fundi alipangusa mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Mgonjwa hapelekwi baharini, afande. Mke wangu anasema tangu siku hiyo, jioni inasikika tena. King'ora. Tukichungulia, hakuna gari. Mimi siamini mambo hayo."

"Lakini?"

"Lakini nafunga mapema."

Hospitalini, mpokea simu wa zamu ile alisema hakukuwa na wito wowote wa mgonjwa kutoka pwani. Kasi alikuwa ameaga kwamba anapeleka gari kwa fundi wa breki. Muuguzi wake alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Hilo lilikuwa limetokea zaidi ya jioni moja mwezi ule, na breki za gari lile, mpokea simu alisema kwa mshangao wa mtu anayeyasikia maneno yake mwenyewe, hazikuwahi kulalamikiwa na yeyote.

Gari lenyewe liliegeshwa kivulini, na Kasi alikuwa akiliosha kwa ndoo. Bi Pole alimpa pole ya kazi. Alimwambia kuna jambo la kitaalamu linalomsumbua, akamwomba amwonyeshe: mtu akifukiwa na mchanga, akitolewa, dereva akiwa peke yake, anafanya nini? Sajini angekuwa mgonjwa.

Sajini alipanda, akajilaza kwenye ubao wa kubebea majeruhi. "Ubao wenu una makwaruzo, bwana. Mnabeba wagonjwa au mnabeba matofali?"

Kasi hakucheka. Alipiga magoti kando yake. Mikono yake ilijua kazi. Iliinua kidevu, ikaigiza kupitisha kidole mdomoni na kusafisha pua, yote bila kufikiri, kama mama anayemshughulikia mtoto huku akiongea na jirani. Kisha mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa mlangoni, ukarudi na mkasi wenye ncha butu, ukaingiza jino moja chini ya kola.

"Taratibu, shati hili ni la serikali," Sajini alisema.

Mkasi ulisimama.

Kwa karibu ncha za vidole vya Kasi zilionekana vizuri. Kucha zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama, na nyama ilikuwa inaanza kupona.

"Wengine hufungua vifungo," Bi Pole alisema kwa upole. "Ninyi mnakata. Haraka, kutoka shingoni hadi chini. Shati la Bwana Mchanga lilikuwa wazi, kwa hiyo ulikata fulana tu. Ulipomrudisha, ulimfunga shati vizuri. Fulana hukuikumbuka, kwa sababu kwako kuikata si kitu. Unafanya kila siku."

Kasi aliurudisha mkasi mahali pake. Aliketi juu ya kiti kidogo cha muuguzi, akaanza kueleza, na alipoanza hakuhitaji kuulizwa.

Miezi mingi alikuwa akipeleka watu hospitali na kufika na maiti. Mama mmoja alijifungulia humo humo, mbele ya kona ya fundi, na mtoto hakulia. Baba mtu alikuwa amekaa kwenye kiti hiki. Barabara mpya ingekuwa dakika chache tu, na kilichoizuia kilikuwa ukanda wa mchanga. Alikuwa ameuona kwenye ramani, mwembamba kama uzi. Akaanza kuzisogeza bikoni moja moja jua likizama, akiziburuta juu ya ubao wa majeruhi. Hakuna aliyemlipa. Hakuna aliyemtuma.

Kwenye ile ya mwisho shemeji yake alimkuta. Alicheka kwanza, akamuuliza, "Shemeji, umepoteza nini humu?" Kisha akaona jiwe. Hakupiga kelele. Aliingia shimoni, akakaa kitako juu ya mkaa, akasema hatoki hadi kila bikoni irudi mahali pake, maana tuta hili ndilo linaloizuia bahari isiingie kwenye vyumba vya wagonjwa haohao. Walibishana kama mashemeji wanavyobishana, huku wanataniana. Kasi akamwambia atafia mchangani. Tuta likashuka wakati huo.

Alichimba kwa mikono kwa sababu aliogopa koleo lingemkata. Akamtoa. Akamrudishia pumzi. Akamweka garini na kuendesha, na hakukuwa na mtu wa kukaa naye nyuma.

"Kulikuwa na kidirisha hiki wazi," Kasi alisema, akigusa kioo kidogo kinachotenganisha mgonjwa na dereva. "Alikuwa ananiita. Shemeji, shemeji. Tulipofika kwa fundi wa matairi akaacha."

"Kwa nini hukumfikisha?"

"Mngeuliza ametoka wapi. Mngejua kuhusu bikoni, na barabara ingekufa pamoja naye. Nilisema wakimkuta kule wataona ni mchanga tu, ajali. Sikuwaza kwamba watamwita mwizi."

"Na walipomwita?"

Kasi alitazama mikono yake. "Nikampikia dada chai."

Sajini alikuwa ameshuka kimya kimya, anazitafuta pingu kana kwamba hajui mfuko upi. Kasi alinyoosha mikono mwenyewe. Aliomba jambo moja liandikwe, kwamba barabara bado inahitajika. Bi Pole aliliandika, neno kwa neno, akamwonyesha.

Kabla ya kumpeleka kituoni alimpeleka kwa dada yake. Utaratibu haukusema hivyo, na Sajini alimkumbusha. Bi Pole alijibu kwamba utaratibu haukuwa na mjane aliyengoja.

Mjane aliwasikiliza akiwa amesimama. Kasi aliyasema yote, hakuruka la shimo wala la kona. Alipomaliza, mchanga ulisikika ukiingia chini ya mlango.

"Alikuwa anamwita nani?" mjane aliuliza.

"Mimi, dada."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia tumefika. Tulikuwa hatujafika."

Mjane aligeuka akamtazama Bi Pole. Aligeuka mwili mzima, kama mtu anayemfungia mwingine mlango. "Sema wewe, afande. Uliahidi."

Bi Pole hakuwa ameahidi kitu, lakini alisema. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, ambako majirani wawili walikuwa wamejifanya wanapita: kwamba mumewe hakugusa bikoni hata moja, kwamba alifia kwenye mpaka akiulinda, na kwamba hivyo ndivyo itakavyoandikwa, na halmashauri itazirudisha bikoni pale penye mkaa.

Mjane aliitikia kwa kichwa mara moja. Alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akaanza kufagia mchanga kutoka katikati ya chumba, kwa nguvu, mahali ambapo mwili ungewekwa.

"Mleteni leo," alisema. "Gari ni lile lile, sivyo? Basi huyu asikae mbele. Akae naye nyuma, njia nzima. Safari ile alimwacha peke yake."

"Mama, huyu ni mtuhumiwa," Sajini alianza.

"Pingu atakuwa nazo," alisema Bi Pole.

Ilikuwa alasiri walipotoka mochwari. Sajini aliendesha. Bi Pole alikaa kando yake, na nyuma yao, kwenye kiti cha muuguzi, Kasi alikaa mikono ikiwa imefungwa, goti lake likigusa shuka jeupe. Kwenye kona ya fundi wa matairi magari yalisimama, kama kila siku. Lori la saruji lilikuwa mbele yao, lingine nyuma yao. Sajini alizima injini, na katika utulivu ule sauti ikaanza upande wa pili wa kioo, ya chini, ya mfululizo, ya mtu anayemjibu mwenzake aliyemwita zamani.

Bi Pole alikuwa na kalamu mkononi. Kila neno la mtuhumiwa lilikuwa mali ya jalada, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Aliisikia "shemeji" ya kwanza, kisha ya pili.

Akageuka nusu, akanyoosha mkono, akakifunga kidirisha.